Meli ya Alaska au Usiku wa Fairbanks: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuona Barafu na Aurora

Mtu anayeuliza kama ataweza kupanda meli ya kitalii ya Alaska na kuiona aurora katika safari hiyo hiyo anastahili kujibiwa bila kuzungushwa: inawezekana, lakini mambo hayo mawili yanagombania kalenda. Meli hufuata mwanga wa kiangazi, kwa kuwa abiria hulipa ili waone milima, nyangumi na barafu, ilhali aurora, ule mwanga wa kijani unaotembea angani kaskazini mwa dunia, hauonekani pasipo giza. Msimu wa meli huanza Aprili na kumalizika Oktoba, na miezi yake ya katikati, Juni na Julai, ndiyo ambayo Alaska haina usiku wa kweli.

Naishi karibu na Seattle, bandari ambayo meli nyingi za Alaska huanzia, na nimekwenda Alaska mara tatu kwa namna tatu tofauti: Julai kwa meli pamoja na mama yangu, Septemba kwa meli na treni, na Machi kwa ndege hadi Fairbanks. Nimeshuhudia jamaa wakitumia akiba ya miaka mingi kwa safari nzuri ambayo hata hivyo haikuwa na kile walichokitamani. Kwa sababu hiyo nalinganisha hapa njia hizi kwa kirefu, nikianza na lile linaloziamua zote.

Giza na mawingu

Wengi hudhani kwamba aurora huletwa na baridi. Hutokana na chembechembe zenye chaji ya umeme zinazotoka kwenye Jua, ambazo usumaku wa Dunia huzielekeza kwenye maeneo ya ncha, zikagongana na gesi za angahewa. Oksijeni hutoa rangi ya kijani kuanzia kimo cha kilomita 100 hivi, na nyekundu juu ya kilomita 200, wakati naitrojeni hutoa buluu na zambarau. Mgongano huo hutokea Juni kama unavyotokea Januari, ila Juni anga haliwi jeusi kiasi cha kuuonyesha. Mjini Juneau, katikati ya Juni, jua huzama mnamo saa 4 usiku na kuchomoza karibu saa 10 alfajiri, na hata linapokuwa chini kabisa huwa limeshuka nyuzi 8 hivi tu chini ya upeo wa macho, kwa hiyo mbingu hubaki na weupe usiku kucha. Kwa Waislamu wanaosafiri mwezi huo, jambo hili hugusa hata nyakati za isha na alfajiri, na ni vyema kumuuliza mwanachuoni kabla ya kuondoka kuliko kuanza kuhesabu saa mkiwa katikati ya bahari.

Fairbanks, mji ulioko ndani ya bara karibu na latitudo ya 65, umekaa chini ya ule ukanda wa mviringo ambamo aurora hutokea mara nyingi zaidi. Wenyewe huhesabu msimu wao kuanzia tarehe 21 Agosti hadi tarehe 21 Aprili, na ofisi ya utalii ya mji huo husema kwamba mgeni anayekaa angalau usiku 3 na kutoka nje saa za usiku ana nafasi ya zaidi ya asilimia 90 ya kuiona. Hakuna kampuni ya meli za Alaska inayoweza kusema maneno kama hayo, na sababu si latitudo peke yake. Pwani ya kusini-mashariki, ambako meli hupita, ni nchi ya mvua: Ketchikan hupata karibu mita 3.8 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara 3 ya ile ya Dar es Salaam, na miezi ya Septemba na Oktoba, ambayo ndiyo yenye giza, ndiyo pia yenye mawingu mengi. Milima mirefu huizuia hewa hiyo yenye unyevu isifike ndani, na Fairbanks haipati hata theluthi moja ya mita. Kwa hiyo, mtu anaweza kuwa Ketchikan usiku ambao anga lote la juu linawaka, asione chochote isipokuwa matone kwenye kioo.

Liko pia suala la nguvu ya Jua lenyewe. Shughuli zake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba mzunguko wa sasa umeingia katika kipindi cha kilele. Miaka inayofuata kilele bado huleta dhoruba kubwa za sumaku, ambazo huisukuma aurora kusini zaidi, lakini kwa kadiri shughuli zinavyopungua, wanaoumia kwanza ni wale walio kusini zaidi, yaani abiria wa meli. Fairbanks huona aurora hata katika usiku ambao vipimo vya dhoruba viko chini sana.

Julai kwa meli

Baada ya kusema hayo, sitaki mtu aidharau safari ya Julai. Kama shauku yako ni barafu, wanyama na bahari, na hasa kama unasafiri na wazee au watoto, hii ndiyo safari bora kati ya zote ninazozitaja, na ingefaa uifanye bila kulifikiria anga la usiku hata kidogo.

Siku iliyobaki moyoni mwangu ni ile ya Glacier Bay. Hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku, na askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi kuja kueleza kile abiria wanachokiona. Mwaka 1794, msafara wa nahodha George Vancouver ulipopita, ghuba hiyo ilikuwa imejaa barafu karibu hadi mdomoni. Leo meli husafiri zaidi ya kilomita 100 kuingia ndani kabla ya kufika kwenye barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka milimani. Tulisimama mbele ya Margerie, ukuta wenye urefu wa mita 70 na zaidi juu ya maji, wenye buluu ambayo mama aliifananisha na ile ya rangi ya kufulia nguo nyeupe. Alikuwa amejitanda khanga juu ya koti zito, ameshika chuma cha sitaha kwa mikono miwili. Kipande kikubwa kama nyumba kiliteleza kutoka ukutani na kuzama, na kwa kitambo hapakuwa na sauti yoyote. Kisha ikaja, nzito, kama radi inayotokea ardhini. Mama hakusema neno. Aliinua kiganja kunyamazisha waliokuwa wakizungumza nyuma yetu, wageni kabisa, nao wakanyamaza. Nahodha aliigeuza meli taratibu papo hapo ili abiria wa pande zote mbili wapate kuona, na kwa hiyo huna haja ya kulipia chumba cha upande fulani kwa ajili ya siku hiyo.

Nyangumi wenye nundu hujaa katika maji ya Juneau wakati wa kiangazi kwa ajili ya kula. Ni aina ile ile inayopita pwani ya Watamu kuanzia Julai, ingawa wale wa kwetu ni wa kundi la kusini. Miji ya Ketchikan, Juneau na Skagway ina wageni wengi mno Julai, na hilo ni kasoro ya kweli: meli nne au tano zikitia nanga siku moja, mitaa hufurika.

Kuna uamuzi mmoja ambao watu huupuuza, nao ni bandari ya kuanzia. Meli za Seattle kwa kawaida huenda na kurudi pale pale kwa siku 7, na nyingi hupita upande wa magharibi wa kisiwa cha Vancouver, penye bahari ya wazi na mawimbi. Zinazoondoka Vancouver, Kanada, hupita ndani ya mkondo uliokingwa na visiwa, ambako maji hutulia. Anayeugua kichefuchefu cha bahari achague Vancouver. Vancouver ina faida nyingine pia: huko ndiko zinakoanzia safari za njia moja za siku 7 zinazovuka Ghuba ya Alaska na kuishia Seward au Whittier, bandari zilizo karibu na Anchorage, na safari hizo ndizo zinazoufungua mlango wa Fairbanks.

Septemba: meli kwanza, Fairbanks baadaye

Kama ni lazima upate vyote viwili, basi chagua kipindi cha kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, panda meli ya njia moja kutoka Vancouver kwenda kaskazini, kisha uongeze usiku 3 au 4 Fairbanks. Huu ndio mpango ninaoupendekeza kwa moyo wote kwa mtu atakayevuka bahari mara moja tu maishani. Nauli za meli kwa kawaida hushuka kuliko za Juni na Julai, watu hupungua mitaani, majani ya nyanda za juu huwa mekundu kama yaliyochovywa, na usiku wa Fairbanks huwa na giza la kutosha huku baridi ikiwa bado karibu na nyuzi sifuri, ambayo koti la kawaida la majira ya baridi hulimudu. Isitoshe, dhoruba za sumaku huelekea kuongezeka katika vipindi ambavyo usiku na mchana hulingana, yaani Septemba na Machi.

Kutoka Anchorage hadi Fairbanks ni saa 1 kwa ndege au saa 12 kwa treni. Mwenye muda achukue treni. Inapita kando ya Denali, mlima wenye mita 6,190, unaoupita Kilimanjaro kwa karibu mita 300. Mara nyingi hujificha mawinguni, lakini mabonde yake peke yake yanatosha kumfanya mtu asahau urefu wa safari. Treni ya kila siku ya kiangazi husimama katikati ya Septemba, meli za njia moja nazo humalizika karibu na wakati huo, kwa hiyo anayesogeza safari yake mbele kwa wiki mbili ili kutafuta bei nafuu anaweza kujikuta amekosa treni na meli pia.

Je, Septemba aurora inaonekana kutoka melini? Ndiyo, mawingu yakifunguka, na wapo waliobahatika. Taa za sitaha ndizo kikwazo kikubwa. Ziendee sehemu za mbele zilizo wazi kwa abiria, kwa sababu huko taa hupunguzwa ili maofisa wa usukani waweze kuiona bahari. Uliza pia mapokezi kama wanaweza kukupigia simu chumbani ikionekana, maana baadhi ya meli hufanya hivyo. Mimi katika usiku 7 wa Septemba melini niliiona mara moja, kwa dakika kumi hivi, kupitia ufa wa mawingu. Fairbanks, katika usiku 4, niliiona mara tatu. Ushahidi wa mtu mmoja ni mdogo, lakini unaendana na yale niliyoyaeleza kuhusu mvua na giza.

Sipendekezi mpangilio wa kinyume, wa kuanza Fairbanks na kumalizia melini. Ndege kutoka Afrika Mashariki hadi Alaska ni safari ya zaidi ya siku nzima, yenye tofauti ya saa 11 na zaidi, na mtu aliyechoka kiasi hicho hulala saa za aurora, ambazo ni kati ya saa 4 na saa 9 usiku. Meli humpa mwili wiki nzima ya kuzoea.

Machi bila meli

Anayetaka aurora tu asihangaike na bahari. Fairbanks ya Machi ina theluji, anga safi mara nyingi, mchana mrefu unaoruhusu matembezi, na usiku mrefu wa kutosha. Baridi ya usiku hufika nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Hilo si jambo la kuchezea kwa mtu aliyetoka Tanga au Kisumu, lakini ni afadhali kuliko Januari, ambapo nyuzi 30 chini ya sifuri ni hali ya kawaida. Usinunue nguo hizo nyumbani; wapo wanaokodisha buti, makoti na glavu mjini humo kwa siku chache. Mwezi huo pia huwa na mashindano ya kimataifa ya kuchonga sanamu za barafu. Chena Hot Springs, chemchemi za maji moto zilizo mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ni mahali ambapo mzee anaweza kusubiri ndani kwenye joto na kuitwa nje mwanga unapoanza.

Gharama ya safari hii hutegemea zaidi nauli ya ndege. Chumba cha hoteli na gari la kukodi kwa usiku 4 kwa kawaida ni nafuu kuliko wiki ya meli, lakini gari liendeshwe na anayeijua theluji. La sivyo, lipia matembezi yenye dereva.

Norwe, kwa anayetaka meli na giza pamoja

Ipo njia ya nne, iliyo nje ya Alaska, nami naitaja kwa sababu inaweza kumfaa zaidi msomaji aliyeko Nairobi, Muscat au Ulaya. Meli za pwani ya Norwe, zilizoanza kazi mwaka 1893, husafiri mwaka mzima kati ya Bergen na Kirkenes, zikipitia bandari 34 kwa siku 12 za kwenda na kurudi, na katika majira ya baridi hukaa siku kadhaa chini ya ukanda wa aurora. Kampuni ya Hurtigruten kwa muda mrefu imekuwa ikiahidi kumpa abiria wa safari kamili ya majira hayo safari nyingine bila malipo endapo aurora haitaonekana. Soma masharti ya ahadi hiyo kwa mwaka unaosafiri. Mikondo ya bahari yenye uvuguvugu huifanya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe ambako meli hizo hupita, isiwe na baridi kali kama ya Fairbanks, ingawa mawingu yake ni mengi zaidi. Viza inayohitajika ni moja, ya Schengen. Unachokosa ni barafuto zinazoangukia baharini mbele ya meli, na mchana ni mfupi sana: Tromsø hailioni jua kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari.

Viza ya Kanada

Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa kuwa ndipo familia yetu ilipoumia. Wifi yangu alikata tiketi ya meli ya kuanzia na kuishia Seattle akiwa na viza ya Marekani pekee. Wakala aliyemuuzia hakumwambia lolote kuhusu Kanada. Gatini, siku ya kuondoka, afisa aliifungua pasipoti yake, akaigeuza kurasa zote, akaifunga, na meli ikaondoka bila yeye.

Sababu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886, inayozuia meli zenye bendera ya nchi nyingine kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kumrudisha pale pale bila kugusa nchi ya kigeni. Meli kubwa karibu zote za Alaska zimesajiliwa nje, ndiyo maana zile za Seattle husimama Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Kanada hata asiposhuka melini, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Wenye kadi ya kijani ya Marekani hawahitaji viza ya Kanada, mradi wabebe kadi hiyo pamoja na pasipoti halali. Kanuni hizi zimekuwa zikibadilika mara kwa mara kwa nchi zetu, kwa hiyo thibitisha katika tovuti za balozi zenyewe kabla ya kulipa hata arubuni.

Asiyeweza kupata viza ya Kanada bado ana njia ya bahari. Feri za serikali ya jimbo la Alaska, zenye bendera ya Marekani, huondoka Bellingham, kaskazini ya Seattle, na kufika Ketchikan kwa muda wa siku moja na nusu hivi bila kusimama Kanada, kisha huendelea hadi Juneau na miji mingine. Hakuna muziki wala meza za karamu; kuna abiria waliopiga mahema kwenye sitaha, wavuvi wanaorudi makwao, na mandhari ile ile. Wifi alikwenda kwa feri hiyo mwaka uliofuata.

Usiku wenyewe

Kwa atakayefika Fairbanks, jambo la mwisho ni kuitambua. Aurora mara nyingi huanza kama utepe wa weupe usiokolea, unaofanana na moshi au wingu jembamba upande wa kaskazini, na wengi hurudi kulala wakidhani ni wingu. Ielekezee simu yako kwa sekunde 3 bila kuitikisa, ukiwa umeizima taa yake. Picha ikitoka na kijani, kaa hapo hapo. Jicho huhitaji dakika 20 hivi gizani ili lizoee kuona mwanga hafifu. Angalia utabiri wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kila jioni, lakini angalia zaidi ramani ya mawingu.

Mama hakuiona. Julai ile alisimama sitahani hadi saa 7 usiku, khanga ikipepea, akisubiri giza ambalo nilishamwambia kwamba halitakuja. Viza yake ya Marekani bado ina uhai, magoti yake hayapendi ngazi za meli, na barafu ameshaiona. Tumekata tiketi za Machi, usiku 4 Fairbanks na mmoja Chena, na tayari ameniuliza kama khanga inaweza kuvaliwa ndani ya yale makoti ya kukodi.